Mbuzi Aliyekula Mikia ya Herufi

Huku Tandahimba, mahindi yakishavunwa, mbuzi hufunguliwa kamba na kuachiwa kijiji kizima. Nalitaja mapema kwa sababu mthibiti ubora wa shule alifika kwenye darasa langu la awali asubuhi ile ile ambayo herufi nne zilikuwa zimeshaliwa.

Herufi zenyewe ni g, j, p na y. Watoto wa miaka mitano siwafundishi kwa mpangilio wa wimbo. Wimbo wanaujua kutoka nyumbani, na wanauimba vizuri bila kuijua hata herufi moja kwa sura. Naanza na irabu tano, kisha m, k, t na l, kwa kuwa kwa hizo tu mtoto tayari anasoma mama, kaka, taa na meli. Tena natamka sauti, si jina la herufi. Aliyekariri "be", ukimwambia aiunganishe na a atakujibu "bea", na hana kosa. B na d siziingizi wiki moja, maana zikija pamoja zitageuzana mpaka darasa la pili. Mbuzi simweki kwenye picha ya b wala ya m. Sikio la mtoto linasikia "mb" na anabaki njia panda. M ni ya maji, basi.

Herufi zenye mikia huja pamoja kwa kuwa ugonjwa wao ni mmoja: mtoto huzikalisha zote juu ya mstari, mkia unakosa pa kwenda. Dawa yake nachora nyumba ubaoni: mstari wa dari, mstari wa sakafu, na wa tatu chini kabisa. A hukaa sebuleni, l hugusa dari, na mkia wa j huzama chini ya sakafu. Kabla ya penseli tunaandika mchangani, kwenye sinia, kina cha vidole viwili, kwa kidole cha shahada. Mchanga uwe na unyevu kidogo tu. Mkavu unafukia mstari mtoto akiwa bado anaandika, na ukilowa sana unamganda kidoleni, g inageuka kuwa shimo. G inaanza kama a: unazunguka kwenda kushoto, unafunga, halafu badala ya kusimama sakafuni unateremka na kukunja. Y inaanza kama u. J ni i iliyoteremka. Shikilia hapo kwenye "inaanza kama", utaelewa mbele kilichotupata.

Baada ya mchanga nilitaka herufi za ukutani. Nilichukua karatasi safi ya ndani ya mifuko ya saruji, nikaandika kila herufi kwa kalamu nene, urefu wa rula nzima, na picha yake juu: gari, jiko, papai, yai. Kuna walimu hubandika chati juu karibu na kenchi, watoto wakawa wanaangalia popo. Chati ya mtoto mdogo inakaa usawa wa macho yake, kama mita moja kutoka chini, aifikie na kuifuata kwa kidole. Hiyo ndiyo kanuni. Kwa bahati mbaya, kimo cha macho ya mtoto wa miaka mitano ndicho kimo cha mdomo wa mbuzi.

Gundi tunapika wenyewe. Kikombe kimoja cha unga wa muhogo, maji vikombe vitano. Unga unakorogwa kwanza kwenye kikombe cha maji baridi, la sivyo utapata madonge, halafu unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uache weupe na uanze kung'aa. Bibi wa mwanafunzi mmoja alijitolea kupika. Ilikuwa gundi safi, laini, inashika. Watoto walikuwa wanalamba vidole kila wakibandika, nikadhani ni utundu wao.

Asubuhi nikamkuta mbuzi jike mweusi darasani, ametulia, anatafuna mkia wa mwisho. Alikuwa hang'oi karatasi. Alishika ukingo wa chini kwa midomo, akavuta kidogo, akakata, akalamba ukuta palipobaki gundi, akahamia chati ya pili. Kazi ya fundi. J ikabaki i, nukta yake juu. Y ikabaki u. G ikabaki a. P ilibaki kama a iliyogeuziwa mgongo. Picha zote zilikuwa salama, ziko juu.

Nilimtoa kwa ufagio, na nilipogeuka mthibiti alikuwa mlangoni na daftari lake.

"Shikamoo!" darasa zima.

"Marahaba, hamjambo wanangu?" Akaelekea moja kwa moja ukutani. Akamwita binti mmoja wa mbele. "Hii ni herufi gani?"

"I."

"Na hii picha?"

"Jiko."

Akaniangalia. Akasogea kwenye yai. "Na hii?"

"U."

"U ya nini?"

"Ya yai."

Akaandika kitu kirefu daftarini. Pale kwenye gari, mvulana wa nyuma hakusubiri kuulizwa: "A ya gari! Ilikuwa g, mbuzi kala chini ya sakafu!"

"Chini ya sakafu?"

Hapo darasa likaripuka, kila mmoja anaeleza nyumba ya herufi, nani anakaa sebuleni na nani kaliwa. Binti yule wa mbele akachukua chaki bila ruhusa, akaenda kwenye i yenye picha ya jiko, akaongeza mkia ukutani pale pale kwenye lipu iliyolambwa, na akaukunja upande unaotakiwa. Akampa mthibiti chaki: "Wewe fanya y."

Mthibiti akaifanya y. Mkia akaukunja kulia. Watoto wakamcheka, wakamfutia, wakamwambia aanze na u kwanza.

Jioni nikaenda kwa bibi. "Bibi, ile gundi uliweka nini?"

"Unga na maji, mwanangu, kama ulivyosema."

"Basi?"

"Na chumvi. Uji gani haukolei chumvi?"

"Nyingi?"

"Ya kiasi cha watu. Na tui kidogo, maana nilisikia ni ya watoto."

Mwenye mbuzi, ambaye ni mjumbe wa kamati ya shule, alikataa lawama zote. Alisema mbuzi wake hajawahi kula karatasi tupu, na kama walimu wanapaka futari ukutani, wasimsingizie mnyama. Nilikosa la kumjibu.

Gundi ya pili niliipika mwenyewe, bila chumvi, kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Ni chungu balaa. Mbuzi alikuja, akanusa, akaondoka, na watoto nao wakaacha kulamba vidole. Mikia ikadumu muhula mzima, ukiacha ya y, ambayo binti yule hupita kila asubuhi akaikoleza kwa chaki. Anasema ya mthibiti bado haijanyooka.