Marehemu Alijishughulisha na Kilimo

Ukihudhuria mazishi ya mzee wa Kilutheri huku Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wasifu wa marehemu unaweza kuusoma kabla haujasomwa. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu. Akajaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Alihudumu kama mzee wa kanisa, mwanakwaya, mjumbe wa kamati ya ujenzi. Aliugua, akalazwa, Bwana akamtwaa. Na mahali fulani katikati, kati ya ndoa na kwaya, mstari mmoja: "Marehemu alijishughulisha na kilimo."

Mstari huo unaniudhi.

Babu yetu amekula chumvi nyingi, amefariki akiwa amevuka miaka 90. Tumemzika kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wasifu wake ulikuwa kurasa mbili, na mstari ule ulikuwamo vilevile. Nilimuuliza aliyeuandika: "Shangazi, mbona shamba umelipa mstari mmoja tu?" Akanijibu, "Mwanangu, nani hapa hajui kwamba baba alikuwa na kahawa? Halafu Baba Mchungaji ametupa dakika tano." Kwa hizo dakika namwelewa. Lakini wanaojua ndio hao wanaoondoka mmoja mmoja. Wajukuu waliotoka Dar na Arusha siku ile walikuwa wanaulizana ile mashine yenye mpini iliyo nyuma ya zizi ni ya nini.

Ni ya kumenyea kahawa, na habari za mzee huyu ziko pale kuliko kwenye orodha ya kamati.

Kahawa huchumwa tunda likiwa jekundu, na likichumwa linamenywa siku ileile. Kisha buni, yaani punje zilizomenywa, inavundikwa ili ule utelezi uachie, na huku juu kwenye baridi kazi hiyo yaweza kuchukua siku mbili. Babu alikuwa anaingiza mkono kwenye ndoo, anafikicha kiganja kimoja karibu na sikio. Ikikwaruza, iko tayari kuoshwa. Ikiwa bado inateleza, anafunika. Ukiiacha ipitilize inaharibika, na kwenye chama cha ushirika inashushwa daraja. Sasa piga hesabu: inayomenywa Ijumaa inataka kuoshwa Jumapili asubuhi, saa ya ibada. Kwa hiyo Ijumaa nyumbani kwetu hakukuwa na kuchuma, hata matunda yawe yamewiva mpaka yanadondoka. Majirani walimwona mkaidi. Yeye alikuwa ameipanga wiki yake yote kuanzia Jumapili kurudi nyuma. Wasifu ukisema tu kwamba "alipenda ibada", hapo umesema nini?

Alizaliwa 1932. Mwaka uliofuata KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ikaanzishwa, ikirithi kazi ya chama cha wakulima wenyeji kilichoundwa 1925, wakati walowezi hawakutaka kabisa kumwona Mchagga akilima kahawa ya arabika. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walikuwa wameshafika Machame tangu 1893. Kwa hiyo kizazi chake kilikuta kanisa na kahawa vyote viwili vipo, na kikakua kikiamini vinakwenda pamoja. Malipo ya chama yalikuja kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na mwenyewe: ya kwanza madeni ya dawa na vibarua, ya pili ada za shule, ya mwisho, ikija, ahadi ya kanisa. Bahasha yake usharikani ilijazwa na kahawa kwa miaka mingi sana.

Halafu yakaja mambo ambayo hayakumwomba ruhusa. Chulebuni, ugonjwa wa kahawa ulioozesha matunda yakiwa bado mabichi, akawa ananyunyiza dawa ya bluu mpaka shati lake la shamba likabadilika rangi. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vya ushirika, wakati uleule ambapo bei ya dunia ilikuwa imepanda kwa sababu ya baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka uliotangulia. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Wengi walianza kung'oa mibuni wapande nyanya na mahindi. Babu aling'oa mistari ya chini tu, huku juu akabaki nayo. Aliona mbali? Sidhani, na sitaki kumpamba. Nadhani hakujua kazi nyingine, na alikuwa mbishi.

Jumapili baada ya ibada alikuwa mtu wa mnada. Wasiokuwa na fedha huleta mayai, maziwa, kuku, mkungu wa ndizi, vinapigwa mnada nje ya kanisa. Babu alikuwa akinunua mkungu wa mjane fulani kwa bei ya kuchekesha, kisha anaurudisha mezani unadiwe tena. Hilo wasifu haukulitaja, na wala halikuwa siri. Haukutaja pia kwamba mzee huyu wa kanisa alikuwa na kata yake ya mbege, pombe ya ndizi, jioni, jambo ambalo wachungaji wote waliopita walilijua na baadhi waliletewa.

Nimependekeza kwenye ukoo kwamba wasifu tuanze kuuandika mtu akiwa hai, tumuulize mwenyewe. Wapo walionuna, eti ni uchuro. Bibi, ambaye angali na akili zake zote, hakununa. Alisema nichukue kalamu. Akaanza na majani ya ng'ombe: alivyokuwa akishuka hadi tambarare, akikata, akipandisha mzigo kichwani mlima wote ule, kwa sababu bila majani hakuna samadi, na bila samadi hakuna kahawa wala ndizi. Kisha akauliza kama nimewahi kuiona kadi ya babu ya chama cha ushirika. Nimewahi. "Soma jina lililoandikwa pale," akasema, "halafu andika nani alibeba majani."

Nimeandika. Shangazi anasema dakika tano hazitatosha. Baba Mchungaji ataarifiwa mapema.