Mgeni yupi afukuzwe Rubondo?

Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, kisiwa kilichoko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, inajivunia wageni. Sokwe wanaowavuta watalii si wa pale: waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa msituni, wakazaana. Twiga na tembo nao waliletwa. Hakuna anayetaka waondolewe. Ila gugu maji, lenye asili ya Amerika Kusini, likisogea ufukweni, sote tunapaza sauti: mvamizi!

Wapo wanaoona huu ni unafiki. Sangara naye alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza. Tena, wanasema, gugu lenyewe lina faida: linasukwa vikapu, linatoa gesi ya kupikia, linaoza kuwa mboji. Kamongo na kambare mumi, wanaostahimili maji yenye hewa haba, hujificha chini yake nyavu zisiwafikie.

Nakubaliana nao nusu. Kutoka mbali si kosa. Lakini sangara alilipiwa na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, ambao aina zao nyingi zilitoweka, na hesabu hiyo huwa haitajwi tunaposifu minofu. Sokwe wa Rubondo wamezungukwa na maji. Hawavuki kwenda Sengerema. Gugu linavuka. Likipata maji yenye joto na rutuba, linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka mingi. Likitanda, mwanga haupenyi, hewa inapungua majini, mitumbwi inakwama. Mwanzoni mwa 2025 magugu yanayoelea yalivuruga hata safari za vivuko vya Kigongo–Busisi.

Wa kuhurumiwa zaidi ni wenyeji wasiosemewa: mafunjo na matete. Humo ndimo anamoishi nzohe, swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zilizotanuka, na Rubondo ni moja ya sehemu chache nchini za kumwona. Mafunjo pia hunasa tope na kunyonya rutuba kabla haijafika ziwani, rutuba ileile inayolishibisha gugu.

Hapo ndipo hata wenzangu wa “ng'oa lote” wanaponiacha. Tumeng'oa kwa mikono na kwa mitambo. Miaka ya 1990 tuliachia fukusi wenye asili ya Amerika Kusini walitafune (mgeni wa kumla mgeni!), na walisaidia kweli. Gugu likarudi, kwa sababu uchafu wa jiji la Mwanza unaoteremka na Mto Mirongo na mbolea za mashambani havikukoma, huku sisi tukiendelea kufyeka mafunjo pembezoni.

Kwa hiyo ndani ya hifadhi nisingejadiliana: gugu litoke mapema, likiwa bado mashada machache. Nje ya hifadhi lisukwe, lichachushwe gesi, mradi ni lile lililokwisha kuopolewa. Biashara inayohitaji gugu liwepo mwakani itapata watetezi wake haraka sana. Fedha kubwa ningeipeleka kwenye majitaka na mafunjo. Na mama anayefyeka mafunjo alime mchicha bondeni kiangazi, mlimani kukiwa kumekauka, asiamriwe kuhama kabla hajaonyeshwa bustani nyingine yenye maji.