Ramani za kompyuta kwenye jiografia ya sekondari: zinafundisha au zinamfanyia mtoto kazi?

Ukifundisha jiografia fomu three kuna wiki moja ngumu kuliko zote, wiki ya kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Unachora mistari ubaoni, unawaambia hiki ni kilima, hapa pamekaribiana maana yake mteremko mkali, nao wanaona kitunguu kilichokatwa basi. Sasa siku moja uweke projekta uwafungulie Google Earth, uinamishe picha waione vilele vya Kilimanjaro, Kibo mita 5,895, Mawenzi 5,149 na ule uwanda katikati yao, alafu uwape karatasi yenye kontua za mlima huohuo. Darasa linabadilika, nimeliona hilo kwa macho yangu na ndo maana siwezi kumsikiliza mtu anayesema hizi programu ni anasa.

Lakini wenzetu wanaozipinga nao wana hoja, tena nzito kuliko ile ya umeme na bando tunayoirudia kila siku. Shida ni skeli, yaani uwiano wa umbali kwenye ramani na umbali halisi ardhini. Kwenye shiti (karatasi ya ramani) ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, asubuhi na jioni, na mtoto akipima barabara kwa uzi anakunja kila kona kwa mkono wake mpaka wazo la skeli linamwingia. Kwenye skrini ukivuta karibu skeli imeshabadilika, na umbali unaupata kwa kubonyeza tu, jibu linakuja kabla hajafikiria. Alafu mtihani wa taifa unampa shiti, rula na uzi, hauna pa kubonyeza. Hata ile milima ya Google Earth inaweza kurefushwa kwenye setingi, kilima cha kawaida kikaonekana kama jabali, mwalimu asiposema mtoto anaondoka na picha ya uongo.

Mi naona kosa letu ni kuzitumia kama TV, watoto wanakaa wanaangalia. Faida kubwa ipo kwenye kutengeneza ramani wenyewe. Dar es Salaam mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wakapita mitaani kwenye kata zinazofurika wakichora mitaro, njia na nyumba, na kazi yao ikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ya dunia, ambako yeyote anaichukua bure. Sa mwanafunzi wa sekondari anashindwaje kuchora mitaa inayozunguka shule yake? QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure na ukishaiweka kwenye laptopu inafanya kazi bila intaneti, unapakia data za miinuko zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, za kila mita 30, inakuchorea kontua za kijiji chako mwenyewe. Kwa darasa la watoto 60 na laptopu moja ni kazi kweli, inabidi wapokezane kwa makundi, wengine wako nje wanapima kwa hatua na dira, wengine ndani wanaingiza walichopata.

Kuna zoezi moja nalipenda sana, chukua simu ya mwalimu (maana wao hawaruhusiwi) msome gridi (namba zinazoonyesha mahali) ya geti la shule, alafu mkaitafute kwenye shiti ya zamani. Hamtaangukia getini, mtakuwa mbali karibu mita 300, na hapo ubishi unaanza, simu mbovu au karatasi imekosewa? Hakuna iliyokosea. Shiti zetu za zamani zimepimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, simu inatumia WGS84, yaani dunia ileile imewekewa vipimo kutoka vianzio viwili tofauti. Karatasi peke yake isingewaonyesha hilo na simu peke yake pia isingewaonyesha. Zoezi zima linakula vipindi viwili, na kwa silabasi ilivyobana nimelazimika kulifanya Jumamosi, ila hakuna mtoto aliyeomba kuondoka mapema.