Waziri Mkuu wa huku na wa kwetu

Waziri Mkuu wa Uingereza akianguka tu, grupu letu la WhatsApp la watu wa Uyole linanigeukia mimi niliyeko Leeds: "Nchi gani hiyo, mawaziri wakuu watatu mwaka mmoja?" Ni kweli, 2022 walipita Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, na Truss alikaa siku 49 tu. Shangazi wa Tukuyu ndiye aliuliza la maana: "Huyo Sunak, nani kamchagua?"

Shangazi, wananchi hawakumchagua. Huku hakuna kura ya Waziri Mkuu; unapiga kura ya mbunge wa jimbo lako, basi. Kiongozi wa chama chenye wabunge wengi anaitwa na Mfalme aunde serikali, na mawaziri anawatoa humohumo bungeni. Wabunge wakikosa imani naye, hana pa kushika. Mwaka 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja, uchaguzi ukaitishwa, akaingia Margaret Thatcher.

Sisi Tanganyika utaratibu huu tulikuwa nao kwa mwaka mmoja. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu Desemba 1961, Januari akamwachia Kawawa, na Desemba 1962 tukawa jamhuri yenye Rais mtendaji. Tulichobakiza ni nusu: mawaziri ni wabunge kama London, ila anayewateua na kuwatoa ni Rais, ambaye hakai ukumbini kuulizwa. Alhamisi Dodoma maswali ya papo kwa papo anayajibu Waziri Mkuu. Huku, Jumatano mchana, anayezomewa ni mkuu wa serikali mwenyewe.

Mnakumbuka Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, Februari 2008? Mwakyembe, mbunge wa Kyela, anasoma ripoti ya kamati yake, sisi tumebanana kwenye Hiace pale stendi ya Uyole, redio juu kabisa, konda kasahau hata nauli. Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjika. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini Rais Kikwete alimteua Pinda, kazi ikaendelea. Bunge lilifika kwa Waziri Mkuu likaishia hapo, maana kumwondoa Rais ni mashtaka maalumu na theluthi mbili ya wabunge wote.

Sisemi tuige Waingereza. Kumpata kiongozi wa nchi kwa makubaliano ya wabunge wa chama kimoja, kama alivyopatikana Sunak, hata mimi hunikera (na huku kodi nalipa). Ila kama Rais tunamchagua wenyewe, basi Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba ilikuwa sahihi: mawaziri wasiwe wabunge. Mbunge wa Rungwe akipewa uwaziri, bei ya chai ya wakulima wake atamuuliza nani bungeni? Serikali ndiyo yeye. Waziri wa huku naye yumo kwenye mtego huohuo, tofauti ni kwamba wenzake waliokaa nyuma yake wanaweza kumng'oa bosi wake. Wa kwetu hawawezi, kwa hiyo bora wakae wabunge watupu, wamhoji waziri asiye mwenzao.