Mashujaa wa saa nane usiku

Naona habari za aibu yangu ya kikaoni zimeshawafikia. Huyu mhasibu wetu hana dogo, na chumvi kaongeza ya kwake: eti nililia kikaoni. Sikulia. Kiyoyozi kilikuwa kinanipuliza machoni.

Mnanijua na takwimu zangu. Tangu nirudi kwenye ile semina ya takwimu, ofisini hapakaliki: mtu hahamishwi idara wala hapewi onyo mpaka nifungue Excel nione data inasemaje. Basi nikapakua mahudhurio ya mwezi mzima kutoka mashine ya vidole ya kule stoo, nikakuta maajabu. Watu wanaingia 02:00, wanatoka 11:00. Kila siku! Saa nane za usiku, jamani, wenzetu wanahesabu maboksi, sisi tunakoroma.

Mwenye akili angepiga simu moja tu getini. Mimi nikachora chati, nikaipaka rangi.

Kikaoni, mbele ya mkurugenzi na wakuu wa idara wote, nikashusha sauti kama mhubiri: "Hawa ndio mashujaa wetu wa kimyakimya." Nikateremka na sheria kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya humo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa 4 kwa kila mtu, kila siku! Jumla nilikuwa nimeiweka chini kwa herufi nene, za kijani.

Mkurugenzi akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akamgeukia mkuu wa stoo, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Mama, stoo unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, bosi."

"Usiku?"

"Asubuhi. Usiku nina wajukuu."

Projekta tu ndiyo ikawa inavuma. Nikaitazama ile 02:00 ukutani. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Nikarudi ukutani. Jasho likaanza safari kisogoni, likashika njia ya uti wa mgongo, taratibu, halina haraka na mtu. Mhasibu kainama chini ya meza, mabega yanatetemeka, nami kwa wema wangu nikadhani anatafuta kalamu.

Akaitwa mzee wa getini. Akaja na rungu lake, akapiga saluti.

"Umeme ulikatika, mashine ikarudi na masifuri matupu. Nikairekebisha mwenyewe. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaandika mbili."

Mbishieni nyie. Mimi sikuweza.

Mashine imesharekebishwa, slaidi nimefuta, mkurugenzi ananisalimia kwa kunionyesha saa yake. Tatizo ni stoo. Wanayo nakala ya ile jumla ya kijani, na tangu asubuhi wananipigia kuuliza kama inaingia na mshahara wa mwezi huu au ujao.

Mhasibu, najua ni wewe uliyewatumia.