Kasisi mpelelezi: kola inamfungulia milango, je, inamgharimu chochote?

Lawama ya kwanza wanayotupiwa makasisi wapelelezi wa riwaya za Kiingereza ni ya hesabu. Kijiji chenye kanisa moja, baa moja na duka la posta kitauliwa watu wangapi kabla wakazi hawajahama? Lawama ni ya kweli, ila haina uzito. Anayefungua riwaya tulivu ya mauaji ameshakubali sharti hilo, kama anavyokubali kwamba damu haitaonekana sana na muuaji atajulikana ukurasa wa mwisho. La kujadili ni kwa nini kazi hii apewe kasisi.

Watetezi wanaanzia kwenye sheria, na hapo wana hoja. Kanisa la Uingereza, la Kianglikana, ni kanisa la dola. Kasisi wake anawahudumia wote wanaoishi ndani ya mipaka ya parokia, waumini na wasioamini, na mkazi ana haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa lake kama bado hayajafungwa. Ndiyo maana asubuhi anabisha hodi kwa bwana mwenye ardhi, mchana anakunywa chai kwa mtunza bustani wa bwana huyo huyo, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Inspekta akipita njia ile ile, mapazia yanashushwa. Kasisi ana vitabu pia: tangu 1538 parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Ndoa ya siri, umri wa uongo, mtoto asiyetajwa baba, vyote vimo kabatini sakristia. Mwandishi anayeijua kazi hii hana haja ya barua iliyookotwa kwa bahati mekoni.

Richard Coles anaijua, maana alikuwa kasisi wa parokia mwenyewe. Riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, ya 2022, inatupeleka kijiji cha kubuni cha Champton mwaka 1988, na ugomvi unaanza kwa pendekezo la kujenga choo ndani ya kanisa. Anayedhani huo ni mzaha hajawahi kukaa kikao cha wazee wa kanisa. Uingereza, hata kung'oa mabenchi kunahitaji kibali cha dayosisi, na wapinzani wana haki ya kuwasilisha pingamizi. Chuki ya namna hiyo mpelelezi wa kutoka mjini asingeinusa.

Wapinzani wana silaha kali zaidi, nayo ni maungamo. Ronald Knox, padre Mkatoliki aliyeandika pia riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za fani hii mwaka 1929. Mojawapo inamkataza mpelelezi kuokolewa na bahati au hisia isiyoelezeka. Nyingine inamtaka amwonyeshe msomaji kila dalili anayoiona. Padre aliyekwisha kuungamiwa na muuaji anavunja zote mbili: jibu analo, sisi hatunalo. Waandishi wavivu hutafuta upenyo. Padre hasemi neno, ila anapita karibu na kisima na kukohoa mbele ya askari ili kuwadokezea. Upenyo huo haupo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni 983 na 984, inamkataza kufichua siri hiyo kwa neno au kwa njia yoyote, na inamkataza pia kuitumia kumdhuru aliyeungama hata pasipo hatari ya siri kujulikana. Sheria ya 1917 iliyotangulia ilikataza hayo hayo. Kikohozi kile ni kosa zito, na hadithi inayokipita kimya haijali kanzu iliyomvika mhusika wake.

Anayeonyesha njia bora ni mwandishi G. K. Chesterton, katika hadithi ya nyundo na mnara iliyomo kwenye mkusanyo wake wa 1911 (ambaye hajaisoma aruke aya hii). Kanali mlevi anakutwa kando ya kanisa, fuvu limepondwa kwa nyundo ndogo. Mhunzi, mtu wa miraba minne, anashukiwa, lakini hakuwepo kijijini. Jibu ni kimo: ndugu wa marehemu, naye kasisi, ameiangusha kutoka juu ya mnara. Fizikia inakubali nusu. Kitu cha kilo 1 kikianguka mita 30 kinafika chini kwa takribani kilomita 87 kwa saa, nguvu ya kutosha kabisa. Lakini kinachukua kama sekunde mbili na nusu, na mtu anayetembea kawaida atakuwa amesogea mita tatu. Kulenga ndiko kugumu! Bado hadithi inasimama, kwa sababu Father Brown, padre mpelelezi wa Chesterton, anafika kwa muuaji kwa kuelewa kiburi cha mtu anayesali mahali pa juu akiwaona wenzake chini kama wadudu. Kisha anakataa kumshitaki. Anamwachia ajisalimishe mwenyewe, naye anajisalimisha. Inspekta yeyote angefukuzwa kazi kwa hilo.

Tamthilia ya BBC iliyoanza 2013 ilimhamishia padre huyo Kembleford, kijiji cha kubuni cha miaka ya 1950, ikampa kanisa la kale la mawe. Inapendeza, ila makanisa ya vijiji ya Zama za Kati yalibaki mikononi mwa Waanglikana tangu karne ya 16. Padre Mkatoliki wa kijijini alikuwa mgeni wa pembeni, na kudharauliwa ndiko kulikomfaa Brown wa vitabuni.

Kubwa linalofichwa na riwaya za miaka hiyo ni kitanzi. Uingereza ilinyonga mara ya mwisho Agosti 1964. Kabla ya hapo, pingu za ukurasa wa mwisho mara nyingi zilielekea huko, na gerezani kasisi alimsindikiza mfungwa hadi mwisho. Fani inamweka kasisi maktabani penye maiti, lakini mara chache inamfikisha pale alipokuwa na kazi kwa hakika. Msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya Grantchester, mwaka 2016, ulithubutu: kijana anahukumiwa kunyongwa, na kasisi mpelelezi Sidney Chambers na inspekta rafiki yake wanafarakana juu ya adhabu hiyo. Utulivu ulivunjika, na ni haki uvunjike, maana safari hii kasisi alilipa kitu kwa kujua jina la mkosaji.