Minyoo ya Mwanajeshi wa Panmunjom

Vijiweni hukosi kumsikia mtu akisifia nidhamu ya Korea Kaskazini: watu wanachapa kazi, hakuna mgomo, matibabu bure. Nikisikia hivyo namkumbuka mwanajeshi wake aliyetoroka Panmunjom, kituo cha mpakani kati ya Korea mbili, tarehe 13 Novemba 2017, wenzake wakimmiminia risasi. Madaktari wa Korea Kusini walipompasua tumbo walikuta minyoo, mmoja ana urefu wa sentimeta 27. Na huyo ni askari wa kituo ambacho watu huchaguliwa kwenda, si mkulima hohehahe.

Dunia ilizungumzia mbio zake. Mimi nilibaki na minyoo, maana imetokana na kazi. Tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike, mbolea ya kiwandani imekuwa adimu kule, hivyo kila Januari kaya na sehemu za kazi hupangiwa kiasi cha kinyesi cha binadamu cha kupeleka mashambani. Kisipoozeshwa vizuri, mayai ya minyoo hurudi nyumbani na mboga.

Ajira yenyewe kiini macho. Kwa miaka mingi mshahara wa serikali wa mwezi mzima haukutosha hata kilo moja ya mchele sokoni. Ndipo ikazuka "pesa ya nane-tatu". Jina linatokana na tarehe 3 Agosti 1984, Kim Jong Il, aliyekuja kuwa kiongozi wa nchi, alipoagiza viwanda vitengeneze bidhaa kwa mabaki. Siku hizi maana yake ni nyingine: mwanamume anakilipa kiwanda chake ili aruhusiwe kutokwenda kazini, akahangaike kwingine. Ndiyo, mfanyakazi ndiye anayelipa! Akitoroka bila kulipa, anaweza kuishia kambi ya kazi. Mkewe, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa habanwi sana na ajira ya serikali, ndiye anayechuuza sokoni na kulisha nyumba. Nidhamu gani hiyo?

Matibabu bure yameandikwa kwenye katiba. Daktari anakuandikia dawa, wewe unakwenda kuisaka kwa wachuuzi. Mei 2022, serikali ilipokiri kwamba UVIKO umeingia, vyombo vyake vya habari viliwashauri wagonjwa wasukutue maji ya chumvi na kunywa chai ya majani ya mwerebi.

Wakati huohuo nchi hiyo imekuwa ikituma madaktari nje kuitafutia fedha za kigeni. Dar es Salaam tulikuwa nao. Mwaka 2016 serikali yetu ilifunga kliniki zao mbili. Sehemu kubwa ya wanachoingiza watu hawa huishia kwa serikali yao, Pyongyang. Desemba 2017 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliagiza wafanyakazi wa Korea Kaskazini warudishwe kwao ndani ya miaka miwili. Januari 2020 Pyongyang ikafunga mpaka, hata kwa raia wake. Waliokuwa bado nje wakakwama hukohuko hadi Agosti 2023, waliporuhusiwa kurejea, kwa sharti la kukaa karantini wiki moja.